Farasi Hawa Hawana Jana

Mimi ndiye ninayewauzia madaftari, na bora niliseme mapema kabla hamjanikuta nalo.

Nilipostaafu kufundisha hisabati nilifungua duka la vifaa vya shule hapa Benaco, hatua kama thelathini kutoka chumba cha kubeti. Nilitegemea kuuza shule zinapofunguliwa, basi. Siku hizi kauntabuku zinatoka mwaka mzima, na wateja wangu wakubwa shule walishaachana nayo zamani. Ni matingo, bodaboda, vijana wa kushusha mizigo, na mara mojamoja dereva mtu mzima anayenunua huku akijitetea kwamba ni ya mtoto. Wanakwenda kuandika matokeo ya farasi.

Farasi mwenyewe Benaco hayupo. Hawa ninaowasema wamo kwenye televisheni ya ukutani, sita kila mbio, wana namba mgongoni, wanakimbia juu ya majani mabichi ambayo mvua haijawahi kuyagusa. Mbio inakwisha, odi za mbio inayofuata zinatokea, yaani dau litazidishwa mara ngapi ukipatia, watu wanamkimbilia keshia, na dakika tatu hazijatimia farasi wengine wameshachomoka. Hivyo hivyo asubuhi mpaka usiku.

Kwa msomaji asiyepajua, Benaco ni njia panda wilayani Ngara. Jina tuliachiwa na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, na dunia ililisikia mwishoni mwa Aprili 1994, watu kama robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja hivi na kuja kupiga kambi hapa. Kambi ilifungwa mwishoni mwa 1996. Leo tunaishi kwa malori. Yanatoka bandari ya Dar es Salaam, yanapita Nyakanazi, na yakifika hapa mengine yanaendelea Rusumo kwenda Kigali, mengine yanapinda kuelekea Ngara mjini na Kabanga kuingia Burundi. Dereva anayesubiri nyaraka ana saa nyingi za bure na posho mfukoni. Mtu wa namna hiyo kila mfanyabiashara anamtafuta, mimi nikiwemo.

Sasa hoja yenyewe. Kijiweni hapa kuna neno ambalo ukilipinga unaonekana mshamba: mashine inasomeka. Wanamaanisha kwamba mtu akikaa na farasi wale muda wa kutosha, akaandika matokeo, akatulia, ataanza kuona nani anafuata. Namba iliyokosa muda mrefu "imeiva". Mashine iliyokula sana "imeshiba, lazima iteme". Yupo hata kijana mwenye heshima ya pekee, wanamwita Daktari, kwa sababu anaaminika kuipima mashine homa.

Na wana hoja ya kisomi. Wanasema: Mwalimu, Ulaya si kuna magazeti yanayotoa uchambuzi wa mbio za siku? Si kuna watu wazima waliosoma, kazi yao ni kusema saa nane mpeni huyu, saa nane na nusu mpeni yule? Kama kule farasi wanachambulika, huku kuna nini?

Hoja hiyo naiheshimu, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ni kweli mbio za farasi zinachambulika. Nitafika mbali zaidi ya hapo: kuchambua mbio za farasi ni kazi ya akili kama kazi nyingine, na wale wanaosema ni bahati tupu wamekosea pia. Lakini uchambuzi unahitaji kitu kimoja ambacho farasi wa ukutani hawana. Unahitaji jana.

Niliwahi kufika uwanja wa Ngong, Nairobi, siku moja ya Jumapili, nikiwa mgeni wa jamaa yangu. Uwanja huo ulifunguliwa 1954 na unasimamiwa na Jockey Club of Kenya. Nilipewa kijitabu cha mbio za siku ile. Kila farasi alikuwa na mstari wake: jina, umri, baba na mama yake, kilo atakazobeba, jina la mpandaji, jina la mkufunzi, na tarakimu chache kama 3142, ambazo ukizisoma zinakwambia alishika nafasi gani katika mbio zake za karibuni. Mwalimu wa hisabati nikapenda pale pale. Ile ilikuwa ripoti ya maendeleo ya mwanafunzi, ila mwanafunzi ana miguu minne.

Mzee mmoja aliyekaa karibu nasi alinifundisha kuisoma. Huyu alishinda mara ya mwisho, ndiyo, lakini kwa ushindi ule wamemwongezea mzigo. Leo anabeba kilo zaidi ya wenzake. Yule alikuwa wa nne, lakini mbio ile ilikuwa fupi, na yeye hupata moto mwishoni. Leo masafa ni marefu. Ardhi imelowa mvua ya juzi, na huyu wa tatu hapendi tope. Kisha akanichukua hadi pale farasi wanapozungushwa kabla ya mbio, akaninong'oneza nimtazame mmoja shingoni. Jasho jeupe, kama povu la sabuni, na mbio hazijaanza. "Huyo ameshakimbia mbio yake humu ndani," akasema, na akamkata kwa kalamu.

Angalieni alichokuwa akikifanya mzee yule. Kila neno lake lilikuwa na kamba iliyofungwa kwenye kitu kilichotokea: mvua ya juzi, mzigo wa leo, mbio ya mwezi uliopita, jasho la dakika ile. Angeweza kukosea, na mbio mbili alikosea. Ila alikuwa anasoma kitu ambacho kimeandikwa.

Turudi ukutani. Farasi namba nne wa saa nne kamili na namba nne wa saa nne na dakika tatu si farasi mmoja. Jina limebadilika, odi imebadilika. Kilichobaki ni namba na rangi ya kitambaa. Hajachoka kwa mbio iliyopita kwa sababu hakuikimbia. Mshindi anachaguliwa na programu inayotoa namba kwa kubahatisha, kila farasi akiwa amepewa uzito wake wa nafasi, kisha picha inaonyeshwa kulingana na jibu. Yule anayeonekana kuchomoka dakika ya mwisho na kuwapita wenzake, hajachomoka. Mnapiga kelele "twende, twende!" kwa kitu kilichokwisha amuliwa.

Waingereza walitoa mfano mzuri wa jambo hili bila kukusudia. Mwaka 2020 mbio zao kubwa za Grand National zilifutwa kwa sababu ya korona, wakaendesha za kompyuta na kuzionyesha kwenye televisheni. Farasi wa kweli walikuwa na kumbukumbu zao, kompyuta ikalishwa kumbukumbu hizo, na mshindi akawa Potters Corner. Hata hapo, palipokuwa na jana ya kulisha mashine, wakati watu wanashangilia farasi mwenyewe hakuwa ametoka jasho hata tone. Sasa hawa wetu hata jana ya kulishwa hawana.

Wiki mbili zilizopita utingo mmoja wa lori la mafuta alikuja dukani na kauntabuku aliyonunua kwangu. Kijana mpole, shikamoo yake haikosi. Akaifungua juu ya meza yangu. Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na moja, na machache yalikuwa safi kama lile. Mistari imepigwa kwa rula. Safu ya saa, safu ya wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wino wa bluu kwa matokeo, mwekundu kwa namba anayoifuatilia. Kurasa kumi na nne.

"Mwalimu, hapa namba nne kakosa mbio kumi na mbili mfululizo," akaniambia, kidole kikishuka kwenye ukurasa. "Anakuja huyu."

Nikamwuliza odi zake huwa ngapi. Akasema zinazunguka kwenye tano. Nikachukua karatasi ya kufungia, tukapiga hesabu pamoja, kama zamani. Tukachukua mbio moja yenye odi za kawaida: 3.00, 4.00, 5.00, 6.00, 8.00 na 10.00. Nikamwambia: tuseme unataka uhakika wa kupata shilingi 1,000, ashinde yeyote. Unamwekea kila farasi kiasi gani? Kwa wa 3.00 unaweka 333, kwa wa 4.00 unaweka 250, wa 5.00 unaweka 200, wa 6.00 unaweka 167, wa 8.00 unaweka 125, wa 10.00 unaweka 100. Jumlisha.

Akajumlisha kwa simu. 1,175.

Nilimwacha aitazame. Kununua shilingi 1,000 ya uhakika kwa shilingi 1,175. Hiyo 175 ya ziada ndiyo mshahara wa keshia, kodi ya chumba, umeme, televisheni, na faida ya mwenye duka. Imo ndani ya odi kabla farasi hajatoka. Ukigeuza hesabu, kila shilingi 1,000 inayoingia kwenye mbio kama ile inarudi kwa wachezaji kama 851, ukichukua wastani wa mbio nyingi. Na anayechukua alichopata akakirudisha chote kwenye mbio inayofuata, kama wafanyavyo wengi, akianza na 10,000, wastani wake baada ya mbio tano ni karibu 4,500, na baada ya mbio kumi ni karibu 2,000. Mbio kumi ni nusu saa. Chai ya maziwa haijapoa.

Ndipo tukamrudia namba nne wake. Mwenye odi ya 5.00 kwenye mbio ile, ukiondoa ile 175, nafasi yake halisi ni kama 17 katika 100. Basi nafasi ya kukosa mbio moja ni 83 katika 100. Kukosa kumi na mbili mfululizo? Unazidisha 0.83 kwa 0.83 mpaka zitimie kumi na mbili, unapata kama 11 katika 100. Ukimchukua farasi wa namna hiyo wakati wowote, mara moja katika kila mara tisa utamwona anakosa mbio kumi na mbili zinazofuata. Chumba kile kinaendesha mbio ishirini kwa saa. Kwa siku nzima, na namba sita, ajabu ingekuwa kutoiona safu kama ile. Na mbio ya kumi na tatu nafasi yake ni ile ile 17, kwa sababu hakuna mahali popote kwenye programu palipoandikwa kwamba namba nne anadai.

"Sasa mbona jana alikuja?" akaniuliza.

Alikuja kwa sababu 17 katika 100 si sifuri. Hili ndilo linalowaponza: wangekosa kila mara, wangeacha. Na nikaona jambo nililotakiwa kuliona mwanzo. Nikamwuliza, "Safu ya hela iko wapi?" Kurasa kumi na nne, saa, namba, wino wa rangi mbili, wala hapakuwa na mahali palipoandikwa ameweka ngapi na amepata ngapi. Nimeuliza wengine tangu siku ile. Katika madaftari saba niliyofunguliwa, hakuna hata moja lenye safu hiyo. Vijana hawa wanatunza hesabu za farasi asiyekuwepo kwa uaminifu kuliko wanavyotunza za mifuko yao.

Kuna wanaonijibu kwamba tatizo ni wizi. Mashine imechezewa, wanasema, kuna mtu nyuma anabonyeza. Wengine wanamwita adui huyo "Mhindi", na kubeti wanakuita kumla Mhindi. Nalitaja neno hilo kwa sababu ndilo linalosemwa, si kwa sababu nalipenda. Ni kuwasingizia watu wa kabila zima kosa la kuzidisha. Lakini ona linavyosaidia uongo. Ukiamini upande wa pili kuna mtu, basi mtu ana tabia, ana uchoyo, anachoka, anaweza kusomwa na kuzidiwa ujanja. Hakuna mtu. Michezo hii inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa sheria ya 2003, na siwezi kumsemea kila mwenye duka nchini. Ninachosema ni kwamba mwenye 175 yake ndani ya kila 1,175 hana sababu ya kukuibia. Anayeuza maziwa kwa bei anayotaka haongezi maji kwenye ndoo.

Watabiri wa kwenye simu ni kundi jingine, na hao nina hasira nao. Wanauza "mikeka ya uhakika", yaani orodha za ubashiri, wanatuma picha za tiketi zilizotiki. Nitawaonyesha jinsi ya kuwa mtabiri asiyekosea, bure. Tafuta namba za simu 2,160. Zigawe makundi sita ya watu 360. Kila kundi litumie farasi wake: hawa namba moja, hawa namba mbili, mpaka sita. Mbio ikiisha, makundi matano yatakutukana, wafute. Kundi moja la 360 limekuona umepatia. Ligawe tena sita, watu sitini sitini. Mbio ya pili ikiisha una watu 60 walioshuhudia ukipatia mara mbili. Wagawe tena, kumi kumi. Baada ya mbio ya tatu una watu kumi ambao wataapa msikitini na kanisani kwamba unajua. Hapo ndipo unawaomba hela ya mkeka wa nne. Hukujua chochote, hukuhitaji kujua chochote, na watu kumi hao hawadanganyi: kweli waliona.

Basi narudi kwa wenye hoja ya Ulaya, maana sijamaliza kuwajibu. Wapo watu waliotajirika kwa kuchambua farasi. Anayejulikana sana ni Mmarekani Bill Benter, aliyekwenda Hong Kong miaka ya 1980 pamoja na Mwaustralia Alan Woods, wakaanza kwa kupoteza. Mwaka 1994 Benter alichapisha maelezo ya namna alivyofanya. Someni alichokuwa akikusanya: matokeo ya zamani ya kila farasi, mzigo, mpandaji, geti la kuanzia, siku alizopumzika. Jana tupu. Miaka ya jana. Tena akakuta kwamba uchambuzi wake peke yake hautoshi mpaka auchanganye na odi za umma, kwa sababu umati ulijua vitu ambavyo kompyuta yake haikujua. Na Hong Kong hela za wachezaji zinawekwa chungu kimoja, klabu inachukua sehemu yake, kinachobaki kinagawiwa washindi. Benter alikuwa akichukua hela za waliochambua vibaya kuliko yeye. Kwenye farasi wa ukutani hakuna aliyechambua vibaya. Hakuna wa kumzidi. Mpeleke Benter mwenyewe Benaco na kompyuta zake zote, atatoka na 851 kama wengine.

Hata huko kwenye farasi wa damu na nyama, kumtaja mshindi ni sehemu ndogo ya kazi. Anayepewa nafasi kubwa kuliko wote hushinda kama theluthi moja ya mbio nchini Uingereza, yaani ukimtaja yeye kila siku utapatia mara nyingi na bado utapoteza hela, kwa sababu odi yake ni ndogo. Mchambuzi wa kweli anauliza: je, odi hii ni kubwa kuliko nafasi yake? Na hapo wengi wetu tuna ugonjwa mmoja. Mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Griffith, alionyesha kwamba wachezaji wa mbio za farasi huwawekea hela nyingi mno wale wenye nafasi ndogo, na kidogo mno wenye nafasi kubwa. Tunapenda odi nene. Kijana akiona 10.00 haoni kwamba mara nyingi atakosa; anaona elfu moja imekuwa elfu kumi.

Na sasa nawageukia watu wangu wa upande wa pili, wazee na viongozi wa dini ambao mpaka hapa wananipigia makofi. Mnaposema kushinda kwa farasi ni bahati tu na akili haimo, mnawapa vijana sababu ya kutowasikiliza, kwa sababu wanajua si kweli. Beryl Markham, Mwingereza aliyekulia Njoro, Kenya, na kuanza kufunza farasi wa mashindano akiwa bado binti, anasimulia katika kitabu chake West with the Night, kilichotoka 1942, habari za jike aliyeitwa Wise Child. Aliletwa kwake akiwa na kano mbovu za miguu, majuma machache tu kabla ya mbio za St Leger za Nairobi za 1926. Mpinzani alikuwa Wrack, dume mwenye afya, ambaye Markham mwenyewe ndiye aliyemwandaa kabla mwenye farasi hajamhamishia kwa mkufunzi mwingine. Kijitabu cha mbio kingemchagua Wrack, na uchambuzi huo usingekuwa wa kijinga. Aliyeshinda ni Wise Child. Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyejua miguu ile inaweza nini, kwa sababu aliikanda kila siku.

Hata kosa la wachambuzi linalotajwa sana lina maelezo. Grand National ya 1967, Foinavon alikuwa na odi ya mia kwa moja na alikuwa nyuma sana. Mbele, farasi asiye na mpandaji akakatiza kwenye uzio, wengine wakagongana, wakaanguka, wakagoma, na yeye kwa uchelewaji wake akapata muda wa kuona pengo, akaruka, akashinda. Hakuna mchambuzi aliyelitabiri tukio hilo. Lakini kesho yake kila mmoja aliweza kusema nini kilitokea na wapi. Muulizeni Daktari wetu kwa nini namba mbili alishinda jana saa tisa. Atawajibu, maana ni mtu wa maneno, lakini jibu lake haliwezi kuwa kweli wala uongo.

Linaloniuma ni kwamba Benaco imejaa wachambuzi wazuri. Siku ile ile ya daftari, tulipomaliza hesabu, nilimwambia yule utingo: kama ni uchambuzi wa mbio za siku unaoutaka, njoo barazani. Ilikuwa saa tano. Kwenye maegesho palikuwa na malori matatu ya Kigali yanayojiandaa kutoka. Nikampa uchambuzi wangu, kwa masafa ya kutoka hapa mpaka geti la Rusumo.

Namba moja, kontena, kichwa kipya kinang'aa, na kila mtu barazani anampa yeye. Mimi simpi. Dereva wake tangu asubuhi anampigia wakala wa forodha na simu haipokelewi. Namba mbili, ngano, kichwa cha zamani, dereva kalala, miguu iko dirishani. Nyaraka sijui. Namba tatu, tenki la mafuta, lori la kijana mwenyewe. Dereva mtu mzima, mizani ya Nyakahura kapita salama, nyaraka zimetangulia tangu jana, na ameshakula. Nampa namba tatu. Fundi pancha jirani yangu akasikia, akasema yeye anachukua ngano. Tukawekeana soda.

Ngano ilitangulia. Tenki lilikaa barabarani zaidi ya saa moja, tairi la nyuma la tela limepasuka. Nilipokwenda kulipa soda fundi hakuweza kuzuia kicheko: asubuhi ile dereva wa tenki alimletea tairi lile, wakashindwana bei. Alikuwa na habari za zizini, kama wasemavyo kule kwenye farasi. Na mimi nilikuwa nimeona utingo akiligonga mara tatu. Kwa kawaida wanaligonga mara moja. Niliona, sikuandika.

Yule kijana alijua zaidi yetu sote. Ndiye aliyeligonga. Alisikia lilivyolia, anaweza kutofautisha mlio wa tairi zima na lililochoka akiwa amefumba macho, ujuzi ambao mimi sina na Bill Benter hana. Kisha akaniletea namba nne.

Amerudi wiki iliyopita kutoka Kigali. Shikamoo, marahaba, habari za safari. Daftari alikuwa nalo kwapani, nikamwomba nilione, kwa kuwa nilikuwa nimemsihi aongeze safu ya hela, na aliniahidi. Alikuwa ameiongeza kweli. Kurasa mbili na nusu, "nimeweka" na "nimepata", zimepigwa kwa rula kama zile nyingine, na chini ya kila ukurasa jumla. Katikati ya ukurasa wa tatu safu inakoma. Mstari umepigwa kutoka juu mpaka chini, wino mwekundu, na kuanzia hapo zimebaki saa na namba.

"Hii vipi?" nikamwuliza.

"Ile niliiacha, Mwalimu. Inaleta mkosi."

Akaomba kauntabuku nyingine, maana ile inakaribia kwisha. Nikampa, na chenji yake.